Jinsi Baraza la Manchester Lilivyosaidia Kuleta Meli Mjini

Siku moja ya gulio nilikuwa nimesimama karibu na meza ya mkusanya ushuru. Mzee mmoja muuza ndizi alipokwisha kulipa na kupewa stakabadhi yake, aliikunja polepole, akaitia katika pindo la shuka, kisha akanigeukia akasema, “Mwalimu, wewe umesoma. Hebu nieleze jambo hili. Halmashauri hailimi, haifugi, wala haina duka. Yawezaje kuongeza mali ya watu kwa kuchukua mali ya watu?”

Waliokuwapo walicheka, lakini mimi sikucheka, kwani swali lile ni la haki, nalo lataka jibu lenye habari, si jibu la maneno matupu. Nikamwambia, “Babu, nipe muda nikutafutie.” Nimekwisha kutafuta, nami naandika hapa ili wengine pia wasome, maana najua kwamba swali hili huulizwa katika magulio mengi. Jibu langu ni hadithi ya kweli ya mji mmoja wa Uingereza, uitwao Manchester, na mfereji wake. Sikuchagua mji ule kwa kuwa wafanana na kijiji chetu. Haufanani nacho hata kidogo. Nimeuchagua kwa sababu mambo yake yameandikwa vizuri, hasara pamoja na faida, hata twaweza kuona waziwazi baraza la watu lilifanya nini na lilipoteza nini.

Mji wa Manchester u upande wa kaskazini-magharibi ya Uingereza, nao hauko pwani. Toka huko mpaka bandari ya Liverpool ni mwendo wa kama kilomita 50. Kazi yake kubwa ilikuwa nguo za pamba. Hata baadhi ya kanga na shuka walizovaa bibi zetu zilitoka katika viwanda vya huko. Lakini pamba haioti Uingereza. Kila robota ililetwa kwa meli kutoka Marekani, Misri na India, ikashushwa Liverpool, ikapakiwa tena katika gari la moshi, ndipo ikafika kiwandani. Na nguo zilipokuwa tayari zilirudi kwa njia ile ile. Basi mji ule uliishi kwa bahari, wala haukuwa na bahari.

Yafaa kwanza tujue baraza lake lilipatikanaje. Hata baada ya mwaka 1830, ingawa watu wake walikuwa wengi sana, Manchester haukuwa na baraza la kuchaguliwa na watu. Ulikuwa ukitawaliwa kwa desturi za kale kama shamba la bwana mmoja, wa jamaa ya Mosley, na ushuru wa soko ulikuwa mali yake. Mwaka 1838 mji ukapata hati ya kuwa na baraza na madiwani. Mwaka 1846 baraza lile likanunua haki zote za yule bwana kwa pauni 200,000. Tangu hapo ushuru wa soko haukuwa tena wa mtu mmoja. Ulikuwa wa watu wote wa mji. Natamani mzee wangu wa ndizi alishike neno hili: kabla ya baraza, ushuru ulikuwapo, lakini hapakuwa na mtu mwenye haki ya kuuliza umekwenda wapi.

Baraza halikuanza kwa mambo makubwa. Lilirithi kiwanda cha gesi ya kuwashia taa, ambacho wakubwa wa mji waliotangulia walikianzisha mwaka 1817, na faida yake ilitumika kutengeneza njia za mjini. Katika miaka ya 1840 likaanza kujenga mabwawa katika bonde la Longdendale, kwa kuwa mji haukuwa na maji ya kutosha, wala viwanda haviendi bila maji. Hivyo kwa miaka mingi watu wakaona kwamba fedha ikiingia katika baraza hutoka ikiwa taa, njia na maji. Na wenye fedha wakazoea kulikopesha baraza, kwa kuwa lilikuwa likilipa. Sifa ya namna hiyo haijengwi kwa siku moja, nayo ndiyo iliyoufaa mji siku ya taabu ilipofika.

Taabu ilikuja baada ya mwaka 1870. Biashara ya nguo ilipungua nguvu, na wenye viwanda wakaanza kuhesabu kila senti. Wakaona kwamba ada za bandari ya Liverpool, pamoja na nauli ya gari la moshi la kutoka huko, zilikuwa kubwa mno. Mara nyingi ilikuwa rahisi zaidi kuleta bidhaa kwa njia ya bandari ya Hull, iliyo upande wa pili wa nchi, kuliko kuzitoa Liverpool iliyo karibu. Fikiri, msomaji, mtu aliye karibu na kisima naye aona ni nafuu kuteka maji kijiji cha mbali! Mfanyabiashara mmoja peke yake hakuweza kufanya neno. Alilipa, akanung’unika, akalipa tena.

Ndipo tarehe 27 Juni mwaka 1882 bwana mmoja mwenye kiwanda cha mitambo, jina lake Daniel Adamson, aliwaita nyumbani kwake wajumbe wa miji ya jirani, wafanyabiashara, na mainjinia wawili. Shauri lake lilikuwa hili: kama hatuwezi kuupeleka mji baharini, tuilete bahari mjini. Injinia mmoja alitaka mfereji ulio sawa na bahari toka mwanzo hata mwisho. Lakini nchi ya Manchester imeinuka kiasi cha meta 18 juu ya bahari. Mfereji wa namna hiyo ungekuwa shimo refu, na meli zingesimama chini sana ya mji. Injinia wa pili, Edward Leader Williams, alitaka mfereji wenye malango ya maji. Meli huingia katika chumba cha mawe, lango hufungwa nyuma yake, maji huongezwa, nayo hupanda pamoja na maji mpaka ifike usawa wa sehemu ya juu. Shauri la Williams ndilo lililokubaliwa.

Lakini kuchimba katika nchi ya watu kulihitaji sheria ya Bunge. Watu wa Liverpool walipinga, maana waliona riziki ya bandari yao itapungua; makampuni ya reli nayo yakapinga kwa sababu hiyo hiyo. Bunge likakataa mwaka 1883, likakataa tena mwaka 1884, na mwaka 1885 likakubali. Hata hivyo likaweka sharti kwamba pauni milioni 5 za hisa zipatikane katika muda wa miaka miwili. Adamson alitaka hisa zinunuliwe hasa na watu wengi wadogo, ili mfereji uwe wao. Wengine wakaona fedha ya wadogo haitatosha, yafaa watafutwe matajiri. Adamson akajiuzulu mwaka 1887, akafa mwaka 1890 kabla ya kuiona meli hata moja mjini.

Kazi ilianza tarehe 11 Novemba 1887. Mfereji ulikuwa wa urefu wa kama kilomita 58, tangu Eastham penye mto Mersey hata Manchester. Wakati kazi ilipopamba moto wachimbaji walifika 17,000, pamoja na mashine za mvuke za kuchimbia. Watu wengi waliumia, na wengine walikufa. Hospitali zilijengwa kando ya mfereji, na daktari Robert Jones, aliyezisimamia, baadaye alijulikana sana kwa ustadi wa kutibu mifupa iliyovunjika. Kisha mashaka yakafuatana. Mwenye kandarasi, Thomas Walker, alikufa mwaka 1889. Mafuriko yakajaza mahali palipokwisha kuchimbwa. Ilipofika mwanzo wa mwaka 1891 fedha yote ilikuwa imekwisha, na mfereji ulikuwa haujakwisha. Kampuni ikawa karibu kufilisika.

Sasa tumefika penye moyo wa habari yetu. Kampuni ikaja mbele ya baraza la mji kuomba mkopo. Hebu tukae kidogo mahali pa madiwani wale, tuone ugumu wa shauri lao. Fedha waliyoombwa haikuwa yao. Ilikuwa ya watu wa mji, na wengi wa hao walikuwa wafanyakazi wa viwandani, wapangaji wa nyumba ndogo, ambao hawakuwa na hata hisa moja. Kama baraza likitoa fedha na mfereji ukashindwa, mjane wa nyumba ya chumba kimoja atalipa deni la kampuni ya matajiri. Na kama baraza likikataa, mfereji utabaki shimo la matope, fedha ya maelfu ya watu wadogo walionunua hisa itapotea, na viwanda vitaendelea kulipa ada zile zile mpaka kimoja kimoja vifungwe. Hapakuwa na njia isiyo na hatari. Mtu asemaye kwamba kutoa fedha ya watu ni jambo rahisi hajapata kuketi katika kiti kile.

Tarehe 9 Machi 1891 baraza lilikata shauri kutoa mkopo wa pauni milioni 3. Lakini halikutoa fedha likaenda kulala. Lilitaka kiti. Likaweka watu wake katika baraza la wakurugenzi wa kampuni, ili waone hesabu na kujua kila pauni imekwenda wapi. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba fedha ile nayo haitoshi, kwa kuwa makisio ya kwanza hayakuwa sawasawa. Baraza likakubali kuongeza, hata mikopo yote ikafika pauni milioni 5. Lakini safari hii likaweka sharti kali zaidi: wakurugenzi walio wengi wawe wa mji. Tangu hapo katika wakurugenzi 21, wateule wa baraza walikuwa 11. Wazee wetu walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Watu wa Manchester hawakuijua methali hii, lakini walitenda kama walioijua.

Wala mzigo haukuwa mwepesi. Kati ya mwaka 1892 na 1895 kodi ya mji ilipanda kwa zaidi ya robo. Naliandika jambo hili kwa makusudi, ili mtu asije akadhani kwamba maendeleo yale yaliletwa na ufundi wa mainjinia peke yao. Yaliletwa pia na mfuko wa mpangaji wa nyumba.

Tarehe 1 Januari 1894 mfereji ulifunguliwa kwa meli. Meli ya kwanza kushusha bidhaa mjini ilikuwa Pioneer, nayo haikuwa ya tajiri. Ilikuwa mali ya chama kikuu cha ushirika, ambacho wanachama wake walikuwa watu wa maduka ya ushirika ya Uingereza. Shehena yake ilikuwa sukari. Mwezi wa Mei mwaka ule Malkia Victoria akaja kuufungua mfereji kwa heshima. Gharama yote ilikuwa kama pauni milioni 15.

Je, faida ilionekana mara? La. Katika miaka ya kwanza meli zilikuwa chache kuliko ilivyotumainiwa, na wenye hisa za kawaida walingoja miaka zaidi ya 20 kabla ya kupata gawio la kwanza. Kama mtu angalipima kazi ile kwa hesabu ya kampuni peke yake, mwaka 1900 angalisema kwamba baraza lilifanya upumbavu. Lakini baraza halikuchimba ili lipate gawio. Lilitaka mji upate njia. Na njia ilipokuwapo, wengine wakaitumia. Kando ya mfereji palikuwa na uwanja mkubwa wenye nyumba ya kibwana, uitwao Trafford Park. Baraza lilitaka kuununua uwe mahali pa watu kupumzika, lakini mwaka 1896 tajiri mmoja akalitangulia. Uwanja ule ukagawanywa kwa viwanda vya mashine, vya vyakula, vya mafuta na vya magari. Mwaka 1945 waliofanya kazi pale walikadiriwa kuwa watu 75,000. Na Manchester, mji usio na pwani, ukawa bandari ya tatu kwa ukubwa katika Uingereza. Mwaka 1958 mizigo iliyopita katika mfereji ilifika tani milioni 18.

Angalieni jambo hili, maana hapa ndipo lilipo jibu la mzee wetu. Baraza halikufuma hata kipande kimoja cha nguo. Halikuwa na duka, wala halikuuza sukari. Viwanda vilikuwa vya watu wengine, na sukari ilikuwa ya chama cha ushirika. Baraza lilifanya lile ambalo mtu mmoja hawezi, na ambalo watu wengi bila baraza hawapatani kulifanya: lilisaidia kuifungua njia, na lilikaa karibu ili njia isije ikawa mali ya wachache.

Lakini historia haisimami. Baada ya mwaka 1960 meli zilizidi kuwa kubwa, na mizigo ikaanza kutiwa katika masanduku makubwa ya chuma. Meli hizo mpya hazikuweza kupanda mpaka mwisho wa mfereji. Mwaka 1982 gati za juu zikafungwa, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Sehemu ya chini ya mfereji yatumika hata leo, lakini gati zile zilizokuwa na kelele mchana na usiku zikabaki kimya, na maji yake yalikuwa machafu, yananuka.

Gati zile nyingi zilikuwa katika mji jirani wa Salford, nao una baraza lake. Basi likaja swali lile lile kwa baraza jingine: je, tutumie fedha ya watu juu ya kitu kilichokufa? Baraza la Salford likanunua gati zile katika miaka ya 1983 na 1984. Likajenga kuta za kuzitenga na maji machafu ya mfereji, likasafisha maji yake, likatengeneza njia, ndipo likaita wajenzi waje kujenga nyumba na ofisi. Mwaka 2000 pakafunguliwa nyumba kubwa ya michezo na picha, na mwaka 2011 shirika la utangazaji la Uingereza likahamishia hapo sehemu ya kazi zake. Sisemi kwamba kila mchukuzi wa gati aliyekosa kazi mwaka 1982 alipata kazi mpya; mchukuzi wa mizigo hawi mtangazaji kwa siku moja, na wengine walizeeka bila kazi. Lakini wana wa mji ule hawakurithi magofu.

Sasa turudi kwetu. Katika Tanzania bara halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Umri wake, basi, si mkubwa. Baraza la Manchester lilikuwa na miaka 53 lilipokopesha fedha ya mfereji, na kabla ya hapo lilikuwa limewazoeza watu kuona taa, maji na njia. Sisi hatuhitaji mfereji wa meli. Mahali petu pa kuanzia ni daraja lisilochukuliwa na mvua za masika, soko lenye paa na choo, kisima, na njia ambayo gari laweza kupita wakati wa mavuno. Mkulima asiye na daraja yu kama mfanyabiashara wa Manchester kabla ya mfereji: mazao anayo, lakini bei yake huliwa njiani. Mchuuzi ajuaye kwamba gari halifiki hununua kwa bei aipendayo yeye, na mkulima hukubali, kwa sababu ndizi haziwezi kungoja.

Nimemrudia mzee wangu, nikamsomea haya yote kabla sijayapeleka kupigwa chapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, wale walitoa fedha wakataka kiti. Sisi twatoa fedha, tunapewa karatasi.” Nikamwambia, “Kiti tunacho, babu. Yuko diwani tuliyemchagua, na uko mkutano wa kijiji ambao hesabu husomwa. Mkutano uliopita ulikuwapo?” Akanyamaza kidogo, akasema hakuwapo, siku ile alikuwa shambani. Mimi nami nilikumbuka kwamba sikuwapo, kwa kuwa nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Tukatazamana, hapakuwa na wa kumlaumu mwenziwe.

Basi, ndugu wasomaji, jibu langu ni hili. Baraza laweza kuongeza mali ya watu ingawa halilimi, likifungua njia ambayo mkulima na mchuuzi hawawezi kuifungua kila mtu peke yake. Lakini halitafanya hivyo kwa sababu limepewa ushuru tu. Litafanya hivyo pale ambapo waliotoa ushuru huja kuketi, husikiliza hesabu ikisomwa, na huuliza bila matusi na bila hofu: daraja liko wapi? Mzee wangu ameitunza stakabadhi yake katika kopo juu ya dari, pamoja na nyingine zote za mwaka huu. Ameniambia kwamba mkutano ujao atakuja nazo, na amenitaka mimi nije na kalamu.